Tuta la Shahidi

Wiki ya kwanza Mwalimu Halimah Marjan alipowatoa nje watoto wa Darasa la Sita wakiwa na majembe, wazazi watatu walifika shuleni kuuliza watoto wao wamekosa nini. Katika shule ile, kama katika shule nyingi za serikali pembezoni mwa Kampala, jembe lilikuwa adhabu. Aliyechelewa alilima. Aliyecheka wakati wa sala ya asubuhi alilima. Kwa hiyo mama mmoja, alipomwona mwanawe ameinama shambani saa tatu asubuhi, alikuja na kuku kwapani kumwombea msamaha. Halimah alimrudishia kuku wake akamweleza kwamba mtoto hajakosa kitu, anasoma. Yule mama akazungusha macho kiwanjani, akauliza kama anasoma, kitabu kiko wapi.

Hasira ikampanda Halimah mpaka masikioni. Hakumkasirikia mama wa watu. Aliwakasirikia wote waliomfundisha mama yule, na waliomfundisha yeye Halimah mwenyewe, kwamba elimu ni kitu kinachokaa ndani ya karatasi na kwamba udongo ni wa wakosaji.

Hasira hiyo haikuwa ya juzi. Halimah alizaliwa Bombo, miongoni mwa Wanubi, wajukuu wa askari walioletwa na wakoloni kutoka Sudan. Baba yake alipiga tarumbeta jeshini. Mama yake alisuka sinia za ukindu za rangi, akaziuza. Shuleni, kwa miaka minne mfululizo, Halimah alichora sehemu za ua kutoka ubaoni. Angeweza kuzichora amefumba macho, kila sehemu na mshale wake na jina lake. Siku moja katika chuo cha ualimu, mkufunzi alinyoosha mkono dirishani, akachuma ua jekundu la haibiskasi, akampa amwonyeshe stameni, sehemu yake ya kiume. Halimah aliligeuza ua lile huku na huku kama mtu aliyepewa saa iliyovunjika. Hakuiona stameni. Mmea wenyewe ulikuwa umeota mbele ya mlango wa nyumba yao tangu kabla hajazaliwa. Wenzake wakacheka. Wengine wangelia; yeye alikasirika, na hakupoa tena. Aliapa kwamba hakuna mtoto atakayepita mikononi mwake akijua mshale bila kulijua ua.

Shule aliyopangiwa ilikuwa ng'ambo ya Kansanga, pale barabara ya Ggaba inapoteremka, maduka yanakwisha na migomba inaanza, na chini kabisa kuna kinamasi cha mafunjo. Ilikuwa na madarasa sita, mawili bila madirisha. Sanduku la vifaa vya sayansi walilokuwa wameahidiwa lilikuwa limetiwa sahihi kwamba limefika. Ni sanduku lenyewe tu ambalo halikufika. Duka lililokuwa likiuza mizani na mirija ya kioo lilifungwa mwaka wa 1972, mwenyewe alipofukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake, na aliyegawiwa duka hilo aliuza kila kilichokuwa kwenye rafu, kisha akaziuza rafu.

Hivyo Halimah alikwenda Katwe, kwa wafua bati. Huko alikuwa na rafiki, Barnabé, Mkongo wa kutoka Bukavu aliyekuwa akiishi Kansanga na ambaye binti yake, Nabintu, alisoma Darasa la Sita. Barnabé alimtengenezea mizani ya vifuniko viwili vya kopo na waya, akamkatia vibao vya majina kutoka katika madebe ya mafuta. Alikuwa mtu wa maneno.

"Mwalimu," alimwuliza siku moja, nyundo mkononi, sauti chini, "serikali yenu ina vifaru, mizani imewashinda?"

"Baba Nabintu, gonga bati. Usigonge serikali."

Barnabé alicheka, akagonga bati.

Katikati ya Septemba 1975, Darasa la Sita walipanda matuta mawili ya maharagwe, ubavu kwa ubavu, mbele ya ofisi ambako jua lilikuwa la kutosha. Mbegu zilikuwa za aina moja, zikapandwa siku moja, zikamwagiwa maji kopo kwa kopo. Tuta la kwanza lilitiwa samadi ya ng'ombe. La pili halikutiwa chochote. Watoto walikuwa arobaini na mmoja, na kila mmoja alikuwa na mche wake na jina lake kwenye kibao cha bati. Kila Jumatatu walitoka na rula, wakapima, wakaandika.

Waliopangiwa tuta la pili walinuna kama watu waliogawiwa mfupa. Nabintu, msichana mrefu asiyeficha neno, alisema kwamba mche wake si haragwe, ni yatima. Halimah akawauliza: maharagwe ya samadi yakirefuka, mtajuaje ni samadi iliyoyarefusha na si mvua? Wakatazamana, wakatazama tuta hili na lile. Kisha msichana mmoja akasema polepole kwamba mvua imenyesha kote kuwili. Halimah nusura amkumbatie. Akawaambia kwamba tuta la pili ndilo shahidi. Samadi ikitaka kujisifu, lazima shahidi awepo, na shahidi hapambwi, hanenepeshwi, anaachwa aseme alivyo. Tangu siku hiyo wakaliita tuta la shahidi, na wenye miche iliyodumaa wakaanza kutembea vifua mbele. Walipowakuta watoto wa Darasa la Tano wakiicheka, walikuwa tayari kupigana.

Katika wiki ya tano miche ya samadi ilifika magotini, imeanza kutoa maua. Ya shahidi haikuvuka kiganja, majani yake manjano. Halimah alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo kazini.

Ndipo ikaja barua. Mkuu mpya wa kaunti, mwanajeshi kama walivyokuwa wakuu wengi siku zile, angezuru shule Jumatatu tarehe ishirini na saba Oktoba kukagua usafi na kilimo. Ilikuwa miaka ya Vita vya Uchumi, redio ikihimiza kila siku watu wazidishe mazao.

Mwalimu Mkuu, Bwana Oloya, alimwita Halimah ofisini. Alikuwa Mwacholi, mtu mrefu, mpole, mwenye suti moja ya kijivu, baba wa watoto watano. Wao wawili walizungumza Kiswahili, lugha ambayo wenyeji wa pale waliiita ya kambi za askari na ambayo wazazi wakiisikia tu walirudi nyuma hatua moja. Oloya alianza kwa upole. Alisema matuta ni mazuri, somo ni zuri, lakini lile la pili liondolewe kabla ya Jumatatu. Halimah alikataa. Alimweleza habari ya shahidi kuanzia mwanzo, naye alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kama vile hakusikia kitu:

"Mwalimu Halimah, mgeni akija kwako unamwonyesha godoro alilokojolea mtoto?"

"Akiwa daktari, ndiyo."

"Huyu si daktari."

Akanyoosha kidole dirishani, kuelekea kwenye kibao kikubwa cha bati mbele ya tuta la pili. Halimah mwenyewe alikuwa amekiandika kwa rangi nyeusi, kama alivyoandika SAMADI mbele ya la kwanza.

"Nchi nzima haina sukari. Haina sabuni, haina chumvi. Wewe umeandika BILA KITU kwa herufi kubwa, umekisimika kibao kwenye ardhi ya serikali. Halafu mimi nimwambie Afande kwamba tunasema habari za maharagwe?"

Halimah hakutaka kucheka, akacheka. Oloya naye akacheka, akajifuta macho. Halimah alisema kibao atakiondoa, lakini tuta haling'olewi. Zilibaki wiki chache tu, na watoto hawajawahi kufuatilia jambo mpaka mwisho wake. Oloya akasema, "Haya, tutaona."

Mtu mwenye hofu akisema tutaona, amekwisha kuona. Halimah hakulijua hilo, kwa sababu hofu ya namna ile haikuwahi kulala nyumbani kwao. Yeye alichukua kicheko kuwa makubaliano. Ijumaa jioni akang'oa kibao, akaaga, akaenda Bombo kwenye arobaini ya shangazi yake.

Alirudi Jumatatu alfajiri, moja kwa moja mpaka shuleni. Mawe ya njiani yalikuwa yamepakwa chokaa. Kiwanja kilikuwa kimefagiwa mpaka udongo ukang'aa, hakuna jani, kwa maana kiwanja safi kwa desturi ya pale ni kiwanja kilicho uchi. Na mbele ya ofisi palikuwa na matuta mawili ya kijani kibichi, yote mawili magotini, yote mawili na maua, kama mapacha waliovishwa nguo moja. Vibao vidogo vya majina vilikuwa vimepangwa upya kwa mstari ulionyooka kwa kamba. Akainama kwenye tuta la pili, akasoma: Nabintu. Nyuma ya kibao ulisimama mche mnene ambao Nabintu hakuupanda.

Alizunguka nyuma ya jiko la uji. Miche ya shahidi ilikuwa kwenye rundo la takataka, mizizi juu, imekauka.

Halimah aliingia ofisini bila kubisha. Alimwuliza Oloya ni nani amefanya kazi ile, na Oloya, bila kuinua macho kutoka kwenye kitabu cha wageni, alisema ni Darasa la Sita wenyewe, Jumamosi, kwa amri yake. Na ile miche mipya? Ameing'oa shambani kwake, nyuma ya nyumba. Ilikuwa chakula cha watoto wake. Jumapili kulikuwa na mawingu, watoto wamemwagilia mara tatu, imesimama vizuri.

Halimah alimwambia maneno mengi. Alimwambia kwamba amewafanya watoto arobaini na mmoja kuchimba kaburi la kazi yao kwa mikono yao. Alimwambia kwamba mwizi angekuwa afadhali, kwani mwizi hawaamuru wenye mali wambebee. Alisema hajaona mwanaume mwoga kiasi kile. Neno hilo la mwisho lilipotoka, Oloya alifunga kitabu.

"Ndugu yangu alikuwa sajini," akasema. "Mwaka wa sabini na moja waliitwa gwaride, yeye na Waacholi wenzake. Mpaka leo mama anamwekea chakula. Wewe ukimuudhi huyu mkubwa, dada yangu, utaulizwa baba yako ni nani. Mimi nikimuudhi, sitaulizwa."

Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba. Halimah alisimama pale na hasira yake imejaa kinywani kama maji ya moto, haimezeki, haitemeki. Kwa sababu ilikuwa kweli. Wanubi walikuwa watu wa serikali siku zile, wapende wasipende, na jina Marjan lilikuwa mwavuli ambao yeye hakuununua na hakuweza kuufunga. Akatoka bila kuomba radhi. Alijua alipaswa kuomba, na kujua huko kulimkasirisha zaidi.

Mgeni alitarajiwa saa nne. Saa nne ikapita. Watoto walisimama kwenye mstari tangu saa tatu, bendera za karatasi mikononi. Jua, ambalo Jumapili nzima lilijificha, likaja na deni lake lote. Saa tano majani ya tuta la pili yalianza kulegea. Saa sita yalining'inia. Oloya alituma maji yaletwe, wakamwagia, lakini mharagwe ukishang'olewa na maua yake, mizizi imekatika, hata ukiutia mtoni haunywi. Saa saba tuta lote lilikuwa limelala kama nguo zilizoanguka kwenye kamba, na kando yake, sentimita hamsini tu, tuta la samadi limesimama wima likitikisa maua. Mtu asingeweza kupanga kitu cha kuaibisha zaidi kuliko hicho. Suti ya Oloya ilikuwa na doa la jasho mgongoni, kubwa kama sahani.

Land Rover ilifika saa nane. Akashuka Meja Muhamadi, mkuu wa kaunti, mtu mnene mwenye fimbo fupi, na askari wawili nyuma yake. Hakutazama madarasa. Hakutazama mawe ya chokaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye matuta, akasimama, akagusa jani lililonyauka kwa ncha ya fimbo.

"Hii shamba ya nani?"

"Ya shule, Afande," akasema Oloya.

"Hii moja iko mzuri. Hii nakufa. Nani naua maharagwe ya serikali?"

Oloya alifungua kinywa. Halimah, aliyesimama mbele ya darasa lake, aliona midomo yake ikitafuta neno, na akaona askari mmoja akimsogelea kidogo tu, hatua moja, kama mtu anayejiweka sawa. Halimah akapita mbele.

"Haijafa, Afande. Imezimia. Ni mimi niliyeihamisha."

Meja akageuka. Halimah aliendelea, na sauti yake ilitoka laini kama ya mwuza mafuta. Alisema ni somo la sayansi. Alisema Darasa la Sita walitaka kujua mharagwe ukihamishwa ukiwa na maua utafanya nini, kwa hiyo tuta moja limeachwa na moja limehamishwa Jumamosi, na matokeo ndiyo haya Afande anayoyaona. Kila neno lilikuwa sayansi safi na kila neno lilikuwa uongo.

"Kweli?" Meja akawauliza watoto.

"Kweli, Afande," wakajibu kwa pamoja, sauti arobaini na moja, bila hata mmoja kuchelewa.

Akamwelekezea fimbo Nabintu, kwa sababu alikuwa mrefu. "Wewe. Nani nahamisha?"

"Sisi, Afande. Mwalimu alituambia tupime kabla na baada." Hakupepesa macho. Na mwingine nyuma yake akaongeza, bila kuulizwa, kwamba wao wenyewe walikuwa wamebashiri yatanyauka saa saba, na yamenyauka saa saba kamili.

Hakuna aliyekuwa amewafundisha. Halimah aliwasikia wakipokezana uongo ule kama watu wanaopokezana matofali, mikono imezoea. Mwezi mzima amewafundisha kuona, na hawakuwa wepesi hivyo. Hili walilijua tayari, wamelinyonya.

Meja akamgeukia Halimah. Akamwuliza jina, akamwuliza baba yake ni nani. Halimah akajibu.

"Marjan wa tarumbeta? Wa Bombo?" Uso mzima ukafunguka. Akasema kwamba alimjua mzee yule tangu yeye mwenyewe akiwa mdogo, akacheka, akawaambia askari wake kwamba huyu ni mtoto wa nyumbani. Kisha akamwambia Oloya kwamba ana bahati kuwa na mwalimu kama huyu, na kwamba amfuate afanyavyo. Oloya akasema ndiyo, Afande. Meja akatia sahihi kitabu cha wageni, akapokea kuku wawili na mkungu wa ndizi, akaondoka.

Oloya alimfuata Halimah mpaka mlangoni pa darasa, akataka kusema jambo. Halimah akamwambia asimshukuru. "Ukinishukuru nitapiga kelele," akasema, na Oloya akaona kwamba angepiga kweli.

Usiku huo Halimah hakula. Kesho yake, Jumanne, aliwaweka watoto chini, akawaambia watoe daftari za sayansi. Walitoa polepole. Mmoja akauliza waandike yapi, yale ya Jumamosi au yale waliyomwambia Afande.

"Mgeni alikuwa mgeni," Halimah akasema. "Tulimpa cha mgeni. Daftari si mgeni. Andikeni mlichoona."

Waliandika kwa nusu saa. Halimah alikusanya daftari zote arobaini na moja, akaenda nazo ofisini, akazishusha juu ya meza ya Oloya kwa kishindo. Kila baada ya wiki mbili Mwalimu Mkuu alipaswa kuzitia sahihi, na mwisho wa muhula mkaguzi kutoka ofisi ya elimu alizipitia. Halimah alitaka azisome. Alitaka kila sahihi imwume mkononi.

Oloya alivaa miwani. Alisoma ya kwanza: tuta la pili liling'olewa Jumamosi, likapandwa miche mikubwa, Jumatatu saa saba ikanyauka. Akatia sahihi. Ya pili vilevile, na ya tatu. Zote zilieleza maharagwe. Halimah alisimama mikono kifuani, akingoja aone haya. Alipofika kwenye daftari la kumi na tisa, Oloya aliacha kalamu. Alisoma mara mbili, akamsogezea.

Lilikuwa la Nabintu. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa na wazi. *Jumamosi tarehe 25 Oktoba Mwalimu Mkuu Bwana Oloya alituamuru tung'oe tuta la shahidi kwa sababu mgeni anakuja. Mche wangu ulikuwa sentimita 16. Nilimwuliza kwa nini, akaniambia nifunge mdomo. Akapanda maharagwe yake. Jumatatu yalinyauka. Mwalimu Halimah alimdanganya Afande na sisi tukamdanganya.*

Hapakuwa na neno moja la uongo. Halimah alisoma, na taratibu akaona mkaguzi akilisoma, na mtu mwingine akilisoma baada ya mkaguzi. Alikuja ofisini na fimbo ya kumchapia Oloya; kumbe amebeba kamba ya kumnyongea.

Oloya hakuomba. Alikaa tu, mikono juu ya meza, akitazama ukutani. Kama angeomba, ingekuwa rahisi kumkasirikia.

Halimah aliuchana ukurasa. Aliuchana mwenyewe, karibu na uzi, polepole usiharibu mingine. Oloya akatoa kiberiti. Njiti ya kwanza haikuwaka, ya pili ikawaka, ukurasa ukaungua ndani ya bakuli la kutilia majivu. Kisha akashika kalamu, akaendelea na la ishirini.

Halimah alimkuta Nabintu nje, peke yake kwenye tuta la pili, akichomoa vibao vya majina na kuvifuta udongo. Alimpa daftari lake. Alikuwa ameamua njiani kwamba hatamdanganya.

"Nimechana ukurasa wako wa leo. Ni mimi, si Mwalimu Mkuu."

"Nilikosea, Mwalimu?"

"Hukukosea hata neno."

Nabintu alifungua daftari, akapitisha kidole kwenye ukingo uliochanika. Daftari zilikuwa adimu mwaka ule, na Halimah alidhani msichana anasikitikia karatasi. Hakuwa anaisikitikia karatasi. Aliuliza kama anaweza kupewa ule ukurasa kwa dakika chache anakili upande wa nyuma, kisha aurudishe.

Halimah akauliza upande wa nyuma kuna nini.

Kulikuwa na mvua. Baba yake alimtengenezea kipima mvua kwa kopo la maziwa ya unga, wakakiweka nyuma ya nyumba, na tangu wiki waliyopanda maharagwe Nabintu alikuwa ameamka kila asubuhi kusoma milimita. Hakumwambia mtu. Alitaka muhula ufike mwisho kwanza, ndipo amwonyeshe Mwalimu mvua na urefu wa maharagwe pamoja. Kwa kubania nafasi alikuwa ameandika upande mmoja tu, kwa tarakimu ndogo ndogo, wiki zote sita, na upande wa mbele, uliokuwa bado mtupu, leo akauandika yale ya Jumamosi.

"Umechomwa," Halimah akasema.

Nabintu hakulia. Aliinua macho akatazama mafunjo kule bondeni, midomo ikicheza, kama anayejaribu kukumbuka siku moja moja, akaacha. Siku nzima ya jana na usiku wake Halimah alikuwa na hasira na Oloya, na Meja, na ofisi ya elimu, na walimu wote tangu Bombo. Zote alijua mahali pa kuzipeleka. Hii alisimama nayo.

Msichana alikaa chini kwenye udongo, akaweka daftari gotini. Aliandika tarehe ya leo, na mbele yake milimita nne, kwa kuwa alfajiri kulinyunya. Akarudi kwenye mistari aliyoiacha juu yake, akaandika tena, akaondoa mkono kwa uangalifu usiuvuruge wino. Kisha akalinyanyua daftari kumpa mwalimu wake, kama walivyozoea kila walipomaliza kupima.

Halimah akasoma. *Mvua ya Septemba na Oktoba haipo. Ukurasa ulichanwa na Mwalimu Halimah, 28 Oktoba.*

Hakuona neno la kuondoa. Akachomoa kalamu nyweleni, akatia sahihi chini yake, kwa nguvu hata ikatoboa karatasi.